Msiwatoe Nje Wacheza Ngoma

Aliyewahi kualikwa kwenye mhadhara wa sheria katika hoteli yoyote kubwa ya Arusha anaijua ratiba kabla hajakabidhiwa mlangoni. Saa mbili na nusu watu wanajiandikisha, wanapewa beji, daftari na kalamu. Saa tatu mgeni rasmi hajafika. Akishafika, MC anaanza kuwataja waheshimiwa mmoja mmoja mpaka mtu amnong'oneze kwamba itifaki izingatiwe tu. Kisha inaingia ngoma. Vijana wa Kimaasai wanaruka, kina mama wanatikisa shanga, simu zinatoka mifukoni, mgeni rasmi anacheza hatua mbili za heshima, makofi. Halafu kikundi kinatolewa kwa mlango wa pembeni, kinapewa soda na bahasha, kinapakiwa kwenye Hiace kurudi kilikotoka. Mlango unafungwa. Ndipo sheria inaanza, kwa Kiingereza, kwa slaidi zilizojaa maandishi mpaka pembezoni.

Na mada ya siku, mara nyingi, ni haki za jamii za asili. Au ardhi. Au mila na haki za binadamu. Yaani tuliowatoa nje ndio mada yenyewe.

Mimi ni wakili, ofisi yangu iko Moshi, na sehemu kubwa ya ugali wangu inatokana na mashauri ya vihamba, yaani mashamba ya ukoo ya Wachagga yanayorithiwa. Sina ugomvi na mihadhara. Nahudhuria kila ninapopata nafasi, na hata chai ya saa nne naipenda. Ninachokikataa ni huu mpangilio wa kuufanya utamaduni kuwa burudani ya kufungulia kikao, historia kuwa sentensi moja ya utangulizi inayoanza na "tangu enzi za ukoloni", na fasihi kuwa methali ya kumalizia hotuba. Katika miji mingine labda wana udhuru. Arusha haina. Kesi zilizoupa mji huu jina duniani hazikuamuliwa kwa vifungu peke yake. Majaji walilazimika kusikiliza nyimbo, kuulizia asali na kupima kumbukumbu za wazee.

Chukua kesi ya Simon Bikindi. Mahakama ya Umoja wa Mataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, ile iliyofanya kazi kwenye majengo ya AICC, kituo cha mikutano cha kimataifa cha hapa Arusha, hadi ilipofungwa mwishoni mwa 2015, ilimshitaki mtu ambaye hakuwa jenerali wala waziri. Alikuwa mtunzi wa nyimbo, mwenye kundi lake la ngoma lililoitwa Irindiro, na mtumishi wa wizara iliyoshughulikia vijana. Nyimbo zake zilisikika sana kwenye redio ya RTLM wakati watu wanachinjwa mwaka 1994. Upande wa mashitaka ukasema nyimbo zile zilikuwa silaha. Upande wa utetezi ukasema nyimbo ni nyimbo, na mmojawapo ulitungwa mwaka 1987, kabla hata vita vya mpakani havijaanza.

Jaji afanye nini hapo? Hakuna kifungu cha kupimia kibwagizo. Ikabidi mahakama ikae kitako isikilize ushairi. Wakaletwa wataalamu wa pande zote mbili kueleza nani anasemwa kwenye fumbo gani, kwa nini mtunzi anarudia habari za ufalme na utumwa wa zamani, na msikilizaji wa kijijini angeuelewaje wimbo uleule siku ya sherehe na siku ya vizuizi vya barabarani. Haya ni maswali ambayo mwalimu yeyote wa fasihi kidato cha tano huwauliza wanafunzi wake juu ya shairi lolote: nani anasema, anamwambia nani, wakati gani, na msikilizaji anajua nini tayari. Tofauti ni kwamba hapa aliyekuwa anasubiri jibu alikuwa kizimbani.

Hukumu ilitoka tarehe 2 Desemba 2008. Majaji walikubali kwamba nyimbo zilitumika kwenye kampeni ya chuki dhidi ya Watutsi. Lakini wakasema haikuthibitishwa, bila kuacha shaka ya msingi, kwamba alizitunga kwa nia ya kuchochea mauaji, wala kwamba yeye ndiye aliyezisambaza mwaka 1994. Kilichomtia hatiani ni kipaza sauti. Mwishoni mwa Juni 1994, kwenye barabara ya kati ya Kivumu na Kayove, akiwa kwenye msafara wa wanamgambo wa Interahamwe, aliwahimiza watu wawaue Watutsi. Akapewa miaka 15, na rufaa ya mwaka 2010 haikubadilisha kitu.

Wapo wanaoona alipendelewa. Mimi naona majaji walikata mahali pazuri. Wimbo ukishatoka mdomoni ni wa wengi, na maana yake huhama kila unapohama msikilizaji. Maneno ya kipaza sauti barabarani yana mwenyewe, yana mahali, yana wakati, na yana watu waliokuwa wanaambiwa. Kuutambua mpaka huo si kazi ya kukariri sheria. Mtu asiyejua nyimbo zinavyofanya kazi angeamua moja kati ya mawili mabaya: kumfunga mtunzi kwa kila kilichofanywa na wasikilizaji wake, au kumwachia kabisa kwa sababu "ni sanaa tu".

Na sisi tunalihitaji somo hilo leo, si kwa ajili ya Rwanda. BASATA, baraza la sanaa la taifa, imefungia nyimbo, wasanii wamehojiwa polisi, na kila mara mjadala unaishia kwenye "uhuru wa kujieleza" upande mmoja na "maadili" upande mwingine. Nimekaa kwenye midahalo ya namna hiyo hapa Arusha, mwendo mfupi kutoka AICC, na Bikindi hakutajwa. Mezani palikuwa na mawakili, mtu wa serikali na mtu wa asasi ya kiraia. Mshairi hakuwepo. Mwanamuziki hakuwepo, isipokuwa yule aliyefungua na kuondoka.

Kesi ya pili ni ya Waogiek. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo imekaa Arusha tangu 2007, ilitoa hukumu tarehe 26 Mei 2017 dhidi ya Kenya kuhusu kufukuzwa kwa jamii hii kwenye msitu wa Mau. Ukiisoma hukumu ile utakuta uwindaji, mizinga ya nyuki, ibada za msituni na namna koo zilivyogawana eneo. Hayo hayakuwekwa kwa mapambo. Ndiyo yaliyobeba hoja ya haki ya utamaduni, ya dini na ya ardhi. Serikali ilijaribu kusema kwamba Waogiek wa leo si wale wa zamani, wanalima na wanafuga kama majirani zao, kwa hiyo madai ya kuutegemea msitu yamepitwa na wakati. Mahakama ikakataa. Ikasema, kwa maneno yangu mimi, kwamba hakuna sheria inayoutaka utamaduni usimame palepale ndipo uhesabike kuwa utamaduni. Mwaka 2022 ikaamuru fidia, shilingi za Kenya 57,850,000 kwa hasara ya mali na 100,000,000 kwa madhara mengine, pamoja na ardhi yao kupimwa na kumilikishwa kwa jamii.

Hoja ile ya kutosimama palepale ingetufaa sana huku mlimani, kama kuna mtu angetuletea kwa lugha inayoeleweka. Kwenye mabaraza yetu ya ardhi hakuna sentensi ninayoisikia mara nyingi kama hii: "Kwa mila zetu za Kichagga, binti harithi kihamba." Inasemwa kwa kujiamini kabisa, na kaka mtu ambaye mara nyingi amekuja siku hiyohiyo kutoka Dar kwa gari lake, na anayeijua mila hiyo kwa sababu inampa kihamba. Ningependa siku moja atokee mtu ukumbini aulize: mila ya lini? Ya kabla ya kahawa au ya baada ya kahawa?

Kwa sababu majibu yapo. Bruno Gutmann, mmisionari wa Kilutheri aliyeishi Moshi miaka mingi, alichapisha mwaka 1926, kwa Kijerumani, kitabu kikubwa cha sheria za Wachagga. Miongo kadhaa baadaye akaja Sally Falk Moore, Mmarekani aliyekuwa mwanasheria kabla ya kuwa mwanaanthropolojia, na akiwa mwanasheria alishafanya kazi Nuremberg kwenye kesi za Wanazi. Utafiti wake wa Kilimanjaro, uliochapishwa 1986, ulifuatilia miaka mia moja ya kile tunachokiita mila, na alichokionyesha ni kwamba mila hiyo ilikuwa inatengenezwa upya kila wakati. Kahawa ilipandisha thamani ya ardhi. Mahakama za mangi, yaani machifu wa Kichagga, chini ya wakoloni zikaipa nguvu sauti ya baadhi ya watu. Watu wakaongezeka, vihamba vikagawanywa mpaka vikawa vipande. Katika kila hatua, kilichoitwa "desturi ya tangu zamani" kilikuwa na mkono wa mtu aliye hai ndani yake.

Mwanasheria asiyejua historia hiyo atafanya moja ya makosa mawili ninayoyaona kila mwezi. Ama ataipigia mila magoti kana kwamba ilishuka kutoka kilele cha Kibo kwenye vibao vya mawe, ama ataidharau yote na kutaka hati tu.

Nieleze kidogo hilo la hati. Siku moja baraza lilikwenda kuzuru eneo la mgogoro huko juu, ndugu wawili wa baba mkubwa na baba mdogo wakigombea kipande kisichozidi robo ekari. Mpima alikuwa na kifaa chake cha setilaiti, anakisogeza huku na huku kutafuta mawimbi chini ya migomba. Mpaka wenyewe ulikuwa mstari wa masale, kama ilivyo kwenye kihamba chochote. Shahidi alikuwa mzee wa miaka themanini na kitu, amevaa koti la suti juu ya sweta. Alitembea taratibu kando ya mstari, akawa anagusa shina moja baada ya jingine kwa fimbo. Haya ya baba yenu. Haya ya baba yenu. Haya mawili ya juzi, angalia shina lilivyo jembamba, na yamesogezwa upande wa mfereji. Wakili mwenzangu, kijana, akamuuliza: "Shikamoo mzee. Je, una ramani ya upimaji au kielelezo chochote?" Mzee akamjibu, "Marahaba mwanangu. Hilo sale limenizidi umri. Liulize lenyewe."

Watu walicheka, lakini lile lilikuwa jibu la kisheria. Alikuwa anatoa ushahidi wa kitu halisi, kinachoonekana, kinachoweza kupimwa unene. Na sale lina kazi yake ya pili ambayo kila Mchagga anaijua: ukimkosea mtu mpaka ikafika pabaya, unampelekea jani la sale kuomba radhi, na si rahisi mtu kulikataa. Mmea unaoonyesha mpaka ndio unaotumika kumaliza ugomvi. Nimekaa kwenye mafunzo ya siku nzima ya usuluhishi, yenye vitini na chakula cha mchana, ambamo kitu kama hicho hakikutajwa. Tulifundishwa mbinu kutoka Marekani.

Sheria yenyewe, kusema kweli, haikuwa na kiburi hiki. Sheria ya mwaka 2002 iliyounda mabaraza ya ardhi na nyumba ya wilaya ilimtaka mwenyekiti akae na wazee wa baraza, watoe maoni yao kabla ya uamuzi. Bunge lilijua kwamba mtu mwenye shahada peke yake hatatosha. Kwenye ukumbi wa hoteli ndiko tunakojifanya anatosha.

Najua ninachojibiwa, kwa sababu nimeshajibiwa. "Wakili msomi, tukiruhusu kila mtu aje na hadithi zake tutamaliza lini?" Hofu hii ina msingi. Nimeona wazungumzaji wanaotumia neno "utamaduni" kukwepa kutaja kifungu, na wanahistoria wanaosimulia nusu saa bila kufika kwenye jambo. Lakini dawa yake ni kuwabana, kama unavyombana shahidi anayezunguka. Na msinambie hadithi haifundishi sheria. Mtoto aliyesimuliwa Abunuwasi anaijua kesi ya tajiri aliyemshitaki maskini kwa kula mkate wake huku akinusa harufu ya nyama ya tajiri. Maskini akatakiwa alipe. Abunuwasi akaziliza sarafu na kumwambia tajiri achukue ule mlio, ndio malipo ya harufu. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anatumia wiki kadhaa kuelewa kwamba hakuna fidia pasipo hasara. Abunuwasi amelimaliza jambo hilo jioni moja, na watoto wamelala wakicheka.

Suala la lugha nitalipitia haraka kwa sababu linachosha. Tangu marekebisho ya mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na ya mahakama zetu. Mhadhara wa sheria Arusha ambao hadhira yote ni Watanzania na Wakenya watatu, ukaendeshwa kwa Kiingereza, ni mazoea tu.

Turudi kwenye historia, maana kuna tukio moja la huku ambalo naona lilishatuonyesha namna ya kufanya. Mwaka 1947 ilitoka ripoti ya Tume ya Ardhi ya Arusha na Moshi, iliyoongozwa na Jaji Mark Wilson. Jaji, tukumbuke. Mapendekezo yake yalitaka walowezi wa Kizungu wawe na eneo lao lililoungana. Novemba 1951 serikali ya kikoloni ikaanza kuwahamisha Wameru wapatao 3,000 kutoka Ngare Nanyuki, nyumba zikachomwa moto, ardhi ikapangiwa ufugaji wa walowezi. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet alifika New York mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa kulalamika, akisaidiwa na Earle Seaton, wakili mzaliwa wa Bermuda aliyekuwa na ofisi yake hapa Moshi. Hawakushinda. Kwenye Baraza Kuu azimio la kuwaunga mkono lilikosa theluthi mbili ya kura. Lakini Kirilo alirudi akizunguka kueleza alichokiona, na kesi ile ikawa shule ya siasa kwa watu wengi ambao hawakuwahi kuingia mahakamani.

Kinachonivutia zaidi ni kilichofuata. Mwaka 1967 Japhet na Seaton walichapisha kitabu cha kesi ile, majina yote mawili juu ya jalada. Mteja na wakili wake. Aliyefukuzwa na aliyejua vifungu, kila mmoja akiwa na lake la kusema na hakuna aliyemfungulia mwenzake kikao. Sijui kwa nini hatujauchukua huo kuwa mtindo wa mihadhara yetu. Mada moja, watu wawili: mmoja mwanasheria, mwingine asiyekuwa mwanasheria, wamepewa muda sawa, na maswali ya ukumbini yanakwenda kwa wote wawili. Mwanamuziki na wakili juu ya uchochezi. Mfuga nyuki na wakili juu ya msitu. Yule mzee wa masale na mpima ardhi.

Ukumbi upo. Makumbusho ya Azimio la Arusha, pale karibu na Mnara wa Mwenge, ni jengo ambamo Halmashauri Kuu ya TANU ilikaa Januari 1967 kujadili andiko la Kiswahili, na siku moja baada ya kutangazwa kwake tarehe 5 Februari, mabenki yakaanza kutaifishwa. Sijui mfano bora zaidi wa maneno kugeuka kuwa sheria, uwe unalipenda Azimio au hulipendi.

Mada ya kwanza ningeileta ya kwetu Moshi: kichwa cha Mangi Meli. Wajerumani walimnyonga Old Moshi tarehe 2 Machi 1900, pamoja na viongozi wengine, na kizazi chake kinaamini kichwa kilikatwa kikapelekwa Ujerumani. Wametafuta miaka mingi. Septemba 2023 ilitangazwa Berlin kwamba vinasaba vya baadhi ya mafuvu yaliyohifadhiwa huko vimelandana na vya ndugu walio hai hapa Tanzania. La Meli halikuwemo. Familia, mwanahistoria na wakili wana mengi ya kuulizana hapo. Nani ana haki ya kudai? Wajukuu, kwa sheria ya mirathi? Lakini fuvu si mali ya marehemu. Serikali ya Tanzania, kama mrithi wa dola? Wakati Meli ananyongwa, Tanzania haikuwepo. Umangi wenyewe? Uchifu ulifutwa kisheria mwaka 1963. Na likirudi, ni nani anayeamua kama linazikwa kihambani, kwa desturi ipi, au linawekwa makumbusho ya taifa? Ningelipa nauli ya kwenda Arusha kusikiliza hilo, na ningependa wazee wa Old Moshi waanze kusema kabla yetu.

Gharama si kubwa. Jumamosi alasiri, viti vya plastiki, maji, kipaza sauti kimoja kinachofanya kazi, na nauli na posho ya mzungumzaji asiye na mwajiri, maana huyo ndiye kila mara tunayemsahau au kumlipa soda. Mawakili tujilipie wenyewe. Kama Chama cha Wanasheria kikiweza kutuhesabia alama za mafunzo endelevu kwa kuhudhuria, nawahakikishia ukumbi utajaa.